Ijumaa ya Fundi Baiskeli

Jumatatu iliyopita, nikiwa nasubiri chai ichemke, mwenyekiti wa jumuiya yetu alinipigia simu na kunieleza kwa kifupi kwamba fundi baiskeli wa Milanzi hatunaye tena. Sitamtaja jina. Hakuwa anapenda kutajwa hata kwenye matangazo ya kanisani, na sioni sababu ya kumuudhi sasa. Ninyi wasomaji wangu mnaopita njia ile mtakuwa mmemwona: mzee mfupi mwenye koti zito la mtumba, ameinamia tairi huku upepo wa Ufipa ukimpiga mgongoni. Tulimzika Jumatano. Watu walipoanza kutawanyika makaburini, mama mmoja wa Kisukuma alinijia pembeni, akaniamkia kwa heshima, kisha akauliza, "Katibu, sasa Ijumaa nani atakuja kumwogesha baba?" Baba anayemsema ni baba mkwe wake, mfugaji aliyepooza upande mmoja wa mwili. Wanawe wako na ng'ombe huko bonde la Rukwa na hurudi kwa nadra, na mkamwana, kwao kama ilivyo kwetu, hawezi kumvua nguo baba mkwe. Kwa miaka mitatu kazi hiyo ilifanywa na fundi, kila Ijumaa asubuhi kabla hajafungua kibanda chake. Jumuiya nzima tulijua, na hakuna aliyewahi kwenda hata kumshikia ndoo.

Msidhani nawaletea mtakatifu. Fundi alikuwa mkaidi, alisinzia wakati wa mahubiri, na ukimpelekea baiskeli yenye mnyororo mkavu alikugombeza mbele ya wateja wengine mpaka ujute kuzaliwa. Lakini alikuwa na jambo moja lililotusumbua sisi tunaojali heshima. Kwetu Ufipa mtu humchuchumalia mkubwa wake na kupiga makofi taratibu anapomsalimu. Fundi alimchuchumalia kila mtu. Siku moja nilimkuta akimpigia makofi kijana mchunga ng'ombe aliyekuwa ameleta baiskeli kuzibwa pancha, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Nikamwambia, "Mzee, unajishusha mno. Wewe ndiye wa kuchuchumaliwa." Akanijibu bila kuinua macho kwenye tairi, "Kwani nikichuchumaa napungukiwa nini, katibu? Kazi yangu yenyewe ni ya kuchuchumaa." Nilicheka, nikaondoka nikijiona mwenye hekima kuliko yeye.

Sasa niwaeleze jambo ambalo sijawahi kuliandika, ingawa safu hii ninayo kwa muda mrefu. Miaka kadhaa nyuma, yule mfugaji akiwa bado mzima wa afya, alifiwa na mkewe. Alikuja Jumamosi asubuhi tukiwa kwenye sala ya jumuiya, akavua kofia na kutuomba tumsaidie kuchimba kaburi na kumsalia marehemu. Jumuiya yetu ilikuwa na kanuni ambayo haikuandikwa popote lakini kila mtu aliijua: asiyehudhuria sala hazikwi na jumuiya. Mimi katibu nikafungua daftari la mahudhurio na kusoma kwa sauti kwamba marehemu alihudhuria mara mbili tu mwaka mzima. Nilisoma taratibu, kila mtu asikie. Ukweli ni kwamba mahudhurio hayakuwa yananiuma hata kidogo. Msimu ule ng'ombe wa bwana yule walikuwa wameingia shambani kwangu na kula mahindi, wakapita na kwenye ulezi wa jirani zangu wawili waliokuwa wamekaa pale pale kwenye mkeka. Daftari lilinipa nafasi ya kulipiza kisasi huku nikionekana mtu wa utaratibu.

Fundi ndiye aliyesimama. Akauliza, "Katibu, mimi nimehudhuria mara ngapi?" Nikapekua, nikamwambia hajakosa hata mara moja. "Basi chukua zangu umwandikie huyu mama," akasema, "na mimi uniandikie hizo mbili zake." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaenda kwake kuchukua sululu na koleo, akafuatana na mfugaji, nao wawili wakaanza kuchimba ardhi ya kiangazi iliyokauka kama tofali. Kabla ya adhuhuri wanaume wanne walikuwa wamewafuata, vichwa chini. Mimi nilifika wakati wa sala, viatu vimepigwa rangi vinang'aa, kitabu cha nyimbo kwapani. Fundi alikuwa bado shimoni, udongo umemfika mpaka kwenye nyusi. Akaniangalia na kusema, "Karibu, katibu. Tunamalizia." Hakunisuta siku ile wala siku nyingine yoyote, na afadhali angenisuta.

Nimelifikiria sana jambo hili wiki hii, hasa kwa sababu ya neno tunalolipenda siku hizi: mtumishi. Zamani mtumishi alikuwa mtu wa kutumwa. Leo mtumishi huwekewa kiti cha mbele na maji ya chupa, na akichelewa, ibada humsubiri. Nasi wadogo tumejifunza utumishi wa namna hiyo hiyo. Tunampelekea mgonjwa sabuni na sukari, tunasimama kando ya kitanda chake, tunapiga picha na kuituma kwenye kundi la simu, kisha tunarudi nyumbani mgonjwa akiwa mchafu vile vile na sabuni yake haijafunguliwa. Kila Alhamisi Kuu tunakumbushwa kuwa Bwana alijifunga kitambaa kiunoni akawaosha wanafunzi wake miguu, na wale kumi na wawili tunaowachagua parokiani huja wameshaiosha vizuri nyumbani na kuvaa soksi mpya. Niliwahi kuwa mmoja wao. Padri alimwagia maji miguu iliyokuwa safi kuliko yake, nami nikaona sawa.

Ijumaa nilikwenda. Mkamwana alikuwa ameacha beseni la maji ya vuguvugu, taulo na sabuni, akatoka nje kupepeta mahindi. Mzee aligeuza kichwa kuniangalia. Tangu apooze maneno humtoka kwa shida. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Fundi ametangulia. Leo nimekuja mimi."

"Marahaba," akasema. "Wewe si katibu?"

"Ndimi."

"Yule wa siku ya mke wangu."

Nilikuwa nimejiandaa kueleza kuhusu kanuni, kuhusu mahindi, kuhusu jinsi watu walivyokuwa na hasira wakati ule. Nilishindwa. Nikasema tu kwamba nilimkosea yeye na marehemu, na kwamba naomba anisamehe. Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Maji yanapoa."

Basi nikaanza kazi. Nilimwingizia povu jichoni, nililowesha godoro, na nilipojaribu kumgeuza nikakaribia kumwangusha. Ikabidi yeye aliyepooza anifundishe mimi mzima mahali pa kushika, begani na nyongani, siyo mkononi. Nilitoka pale shati limelowa na mgongo unauma, nikiwa nimeelewa kwamba fundi alikuwa na miaka kunizidi na alifanya hivyo peke yake kila wiki. Niliona aibu, na bado naiona ninapoandika. Lakini aibu ya kukaa nayo nyumbani haimwogeshi mtu.

Jana kwenye jumuiya nimesema wazi kwamba kanuni ile mimi siitambui tena, na atakayetaka kuitumia atafute katibu mwingine. Baadhi wamenuna. Wanune. Nimesema pia kwamba mzee ni mzito na mikono yangu miwili haitoshi, kwa hiyo natafuta mwanamume mmoja wa kushika upande wa pili. Hajajitokeza mtu bado. Tumezoea kuuliza namna ya kumfuata Bwana kana kwamba njia yake imefichwa mahali. Ile ninayoijua mimi inaingia mlango wa mfugaji pale Milanzi, na maji huwa tayari saa moja asubuhi.