Mwenzake Poonam wa Mbio

Poonam alianza kukimbia akiwa na miaka arobaini na saba, umri ambao mama yake, kule Kisumu, alikuwa ameshatulia kitini na kuagiza kila kitu kiletwe. Daktari alimwambia ana sukari, na kwamba dawa peke yake haitatosha. Jaspal, mumewe, aliyekuwa na duka la vifaa vya umeme Harrow, pembeni mwa London, alicheka aliposikia habari hiyo, lakini jioni akarudi na raba mpya za mkewe chini ya kwapa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, majira ya kuchipua. Nyumba yao ilikuwa Stanmore, karibu na pale barabara inapopanda kilima na mji kukatika ghafla kana kwamba umechoka. Juu huko kuna misitu, malisho, na vijia vya udongo vinavyopita katikati ya mialoni mikubwa. Poonam aliupenda msitu ule kwa macho tu. Kila asubuhi alikimbia hadi pale kijia kinapokunja kona na miti kuziba mwanga, hapo hofu ikamshika, akageuka nyuma.

Siku moja mbwa mkubwa akamrukia. Mwenye mbwa alikuwa mbali, anapiga mbinja. Poonam alikuwa amejibana kwenye mti, mara akasikia mtu nyuma yake akifoka:

"Wee! Toka! Toka pale!"

Mbwa akafyata mkia. Aliyemfukuza alikuwa mwanamke Mwafrika, mrefu, amevaa fulana ya kwaya na kubeba mkoba mgongoni.

"Wewe najua Kiswahili?" Poonam akamwuliza, bado amekumbatia mti.

Yule mwanamke akamkazia macho. "Ni wewe, mama, unajua Kiswahili?"

Wakacheka mpaka mwenye mbwa, alipofika kuomba radhi, akaona heri ajiondokee.

Jina lake lilikuwa Faustine, mtu wa Bukavu, Kongo. Alifanya kazi ya usiku katika nyumba moja ya kulea wazee kule kilimani. Wenzake walipotoka asubuhi waliwahi basi. Yeye alibadilisha nguo na kupita msituni mbio.

"Nikienda nyumbani bila kukimbia, usingizi haikuye," alimweleza Poonam. "Niko nasikia tu kengele za wazee. Yaya, twende pamoja, mbwa watatuogopa wawili."

"Mimi yaya?" Poonam alishtuka. Kwao Kisumu yaya ni yule aliyemlea, aliyemwogesha na kumfunga nywele. Faustine akamweleza kwamba kwao Bukavu yaya ni dada mkubwa, mtu wa kuheshimiwa. Poonam akalipenda jina hilo kuliko alivyoonyesha.

Tangu siku hiyo wakawa wawili. Walikutana penye lango la msitu, wakapita kando ya madimbwi ya Stanmore Common, wakavuka barabara na kuingia hifadhi ya Bentley Priory. Humo kulikuwa na kulungu nyuma ya ua, na ng'ombe waliolala katikati ya kijia bila haraka ya kumpisha mtu. Wakateremka malisho marefu hadi kwenye ziwa dogo lililofichwa na miti, kisha wakapanda upande wa Harrow Weald, mahali ambapo ardhi inaanguka na mtu anauona mnara wa kanisa la Harrow juu ya kilima chake, na nyuma yake London yote imelala katika moshi. Mwezi wa tano maua ya buluu yalitanda chini ya miti kama maji. Vuli ikija, tope liliwavua viatu.

"Hii milima, ni kama kule kwetu Walungu kabisa," Faustine alisema siku moja, akiwa amesimama mikono kiunoni. "Tu ng'ombe za hapa zinashiba zaidi."

Kiswahili cha Poonam kilikuwa cha jikoni. Alikiokota utotoni akisikia wakubwa wakiamuru: leta, peleka, fagia, ngoja, maliza. Hakuna aliyemfundisha kuomba kwa lugha ile, wala kumwambia mtu kwamba umemkumbuka. Faustine alimsahihisha wakipanda mlima, pumzi zikiwakata. Usiseme leta maji. Sema naomba. Na Poonam, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kazini benki na Kipunjabi chake cha ukweni, alijikuta akisema kwa lugha hii mbovu mambo ambayo hakuwahi kuyasema kwa zile nzima: kwamba aliogopa kuzeeka, kwamba binti yake Lila alipokwenda chuo kikuu nyumba ilimwia kubwa mno. Faustine alisikiliza. Yeye mwenyewe alisema machache juu ya vita na safari iliyomleta. Poonam naye hakumchimba.

Miaka mitatu na ushei ilipita hivyo. Sukari ilishuka, daktari akafurahi. Lakini hakuna hata mmoja nyumbani aliyemfahamu Faustine. Poonam alisema tu, "Nakwenda kukimbia," kama mtu anayekwenda peke yake. Sababu ilikuwa wifi yake, Balbir, dada mkubwa wa Jaspal. Balbir alikuwa amekwisha kusema mbele za watu kwamba mke wa ndugu yake anazurura porini na suruali kama msichana. Poonam hakutaka kumwongezea maneno.

Ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa kumi. Mvua iliwakuta katikati ya malisho, mvua ya upepo, ikawalowesha hadi mifupani. Faustine alikuwa anatetemeka.

"Kuja nyumbani," Poonam akasema. Kisha akajisahihisha: "Tafadhali. Tunywe chai."

Nyumbani alimpa taulo. Faustine hakutaka kuazima nguo. Alikuwa na sare safi ya kazi ndani ya mkoba, akaivaa, ile ya buluu yenye mifuko mbele. Wakasimama jikoni, maziwa yanachemka na iliki inanukia, wakicheka jinsi Poonam alivyoteleza mbele ya ng'ombe. Ndipo mlango wa mbele ukafunguka. Balbir alikuwa na ufunguo wake. Aliingia na wanawake wawili wa hekaluni, wamekuja mapema kupanga harusi ya mwanawe.

Balbir akamtazama Faustine kuanzia sare hadi soksi.

"Hatimaye umepata mtu wa kukusaidia," akamwambia Poonam kwa Kipunjabi. "Ni mwaminifu?"

Kabla Poonam hajajibu, wifi yake, ambaye naye alikulia Kisumu, akamgeukia Faustine na kusema kwa furaha ya mtu aliyeipata tena lugha ya utoto wake: "Mama, lete chai kwa sitting room. Sukari kidogo."

Faustine hakusogea. Alimwangalia Poonam, akangoja.

Jibu lilikuwa fupi. Huyu ni rafiki yangu. Poonam alikuwa nalo mdomoni kwa lugha zote tatu. Lakini aliwaona wale wanawake wawili mlangoni, akaiona habari ikifika hekaluni kabla ya jua kutua, akainamisha macho kwenye kikombe alichokishika.

"Lete tu, Faustine," akasema. "Sinia iko juu ya kabati."

Faustine akapeleka chai. Hakumwaga hata tone. Wageni walipokwisha kunywa akaosha vikombe, akavifuta, akatandaza kitambaa juu ya bomba. Akaitia fulana yake iliyolowa ndani ya mkoba na kujifunga mkoba ule mgongoni.

"Kwaheri, madame," akasema, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Jumatatu Poonam alingoja langoni mwa msitu hadi miguu ikafa ganzi. Kesho yake akangoja tena, na wiki yote ile. Ndipo alipotambua kwamba hajui Faustine anaishi mtaa gani wala hana namba yake ya simu; alijua tu basi alilokuwa akipanda baada ya mbio. Angeweza kupanda kilima hadi nyumba ya wazee na kumwulizia. Aliliahirisha hilo kwa aibu, leo mvua, kesho harusi. Alipojikaza kwenda, wakati wa Krismasi, waliomfungulia walimwambia Faustine ameacha kazi mwezi uliopita.

Mwishowe akamweleza Balbir. Alitarajia kejeli. Wifi yake alimsikiliza, kisha akaweka chini alichokuwa anashona.

"Sasa si ungesema? Mimi ningejuaje, na sare ile? Ungesema ni rafiki yako, ningempa kiti changu."

Maneno hayo yalimkata Poonam kuliko matusi. Kile alichokiogopa hakikuwapo.

Aliendelea kukimbia, sasa peke yake. Msitu haukumtisha tena. Alipita kona ile yenye giza bila kugeuka, akashuka hadi ziwani, akapanda, na kule juu alisimama kidogo tu, maana mandhari yale yalikuwa yamemwia mazito.

Mwaka wa elfu mbili na tano, alasiri moja ya kiangazi, alikuwa Edgware Road na Lila, wakitoka kununua tende. Penye kituo cha basi alimwona Faustine. Alikuwa amenenepa kidogo na kuvaa miwani. Poonam akampa Lila mifuko, akaenda.

"Faustine. Mimi nakosa," akasema bila salamu. "Siku ile mimi nakosa sana."

Faustine alimtambua polepole, akampa mkono. "Nilisamehe zamani, mama. Mi ni mtu wa kanisa, siwezi tembea na kitu kama ile ndani ya roho."

"Chai ile..."

"Si chai. Chai niko nawapa wazee kila siku, haiko haya. Nilikuangalia wewe, na wewe ukaangalia kikombe."

Poonam akatazama barabarani. Basi la Faustine lilikuwa linakaribia.

"Utakuja tukimbie? Siku moja tu. Naomba."

"Hapana," Faustine akasema, kwa upole. "Siku hizi nakimbia na bamama wa kanisa, karibu na nyumbani. Sukari yako iko namna gani?"

"Iko chini."

"Bon. Kimbia tu." Akapanda, akapata kiti upande wa pili, Poonam asimwone tena.

Lila alimfikia na mifuko, akauliza kwa Kiingereza yule mama ni nani.

"Nilikuwa nakimbia naye," Poonam akajibu. "Miaka mitatu, kule Bentley Priory. Wewe ulikuwa chuoni."

"Miaka mitatu? Mbona hukuwahi kumleta nyumbani?"

"Nilimleta," Poonam akasema. "Mara moja."

Akachukua mfuko mmoja kutoka mkononi mwa binti yake, wakaanza kutembea kuelekea stesheni.