Jaruba la Matete

Kwetu, katika vijiji vya karibu na Kibaoni, kijana wa kiume akimaliza shule baba yake humkatia jaruba la mpunga, kipande cha shamba chenye kingo za kuzuia maji. Anaonyeshwa mbele ya watu wote wa nyumbani: kuanzia ukingo huu hadi ukingo ule ni mali yako. Mpunga atakaovuna humo hauingii kwenye ghala la baba, ni wa kuanzia maisha. Binti akimaliza shule anaonyeshwa sufuria kubwa zaidi. Sitanii. Nilipomaliza darasa la saba, shangazi alinikabidhi sufuria ya ugali wa watu wengi akasema, "Sasa umekua."

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Hata kanisani naimba kwa midomo tu. Kwa hiyo sikuuliza jaruba langu liko wapi. Nilikwenda mwisho wa shamba letu, mahali palipoota matete, ambapo hakuna aliyetaka kulima kwa sababu mizizi yake huvunja mipini ya majembe. Nikamwomba baba nipalime. Alicheka.

"Chukua, mama," alisema. Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Hayo matete yatakufundisha adabu."

Kiangazi chote niling'oa mizizi baada ya kazi za nyumbani. Kingo nilizijenga kwa udongo wa kichuguu, ambao haupitishi maji. Mvua zilipokuja jaruba likashika maji kama bakuli, na mpunga ulipokomaa ulilala kwa uzito. Watu waliokuwa wanapita kwenda gulioni walisimama kuuliza ni la nani.

"La kwangu," baba aliwajibu. Nilimsikia.

Mwaka uliofuata mdogo wangu wa kiume akamaliza shule. Mvua za kwanza ziliponyesha tuliitwa sote shambani. Baba akayapita majaruba ya juu, akateremka hadi langu, akasimama kwenye ukingo nilioujenga kwa mikono hii. Akamwambia, "Kuanzia hapa hadi kule ni mali yako."

Nilidhani amesahau. Kweli kabisa, nilidhani amesahau tu.

"Baba, hilo ni langu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Lako kivipi, mama? Wewe hapa ni mgeni. Utaolewa. Shamba haliolewi."

Kaka zangu wawili wakacheka. Mdogo wangu hakucheka. Aliyaangalia maji, kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Dada, maji yanaingilia wapi?"

Niliondoka na lile neno, mgeni, na usiku usingizi ulipaa. Mgeni gani huwachotea wenyeji maji ya kuoga? Tangu nimejua kutembea nafukuza ndege kwenye mpunga wa nyumba hii. Nimeutwanga, nimeupepeta, nimeubeba kichwani mpaka mashineni, na hakuna aliyewahi kuniambia, mgeni, kaa kidogo upumzike. Ugeni wangu unaonekana siku ya kugawa tu. Siku ya kazi mimi ni wa hapa hapa.

Sasa, kwetu kupandikiza ni kazi ya wanawake. Wanaume hulima na kuvuruga tope, halafu hukaa pembeni wakisimulia jinsi tulivyopanda vizuri mwaka huu. Miche ya jaruba lile ilikuwa kwenye kitalu nilichokimwagia mbegu mwenyewe. Siku ya kung'oa miche ilipofika, nilibaki jikoni.

Baba akaja mlangoni. "Mama, miche inazeeka."

"Mgeni hapandikizi, baba."

Akamgeukia mama, ambaye alikuwa anapepeta mchele. Mama hakuinua uso. "Kwa baba yangu niliambiwa ni mgeni," alisema. "Hapa nimekuja kwa kuolewa, naambiwa shamba ni la ukoo wenu. Nyie wenyeji si mpo? Pandikizeni."

Sijawahi kumsikia mama akisema maneno marefu hivyo mbele ya baba. Ungo uliendelea kwenda juu na chini.

Wakaenda wenyewe, baba na wanawe. Hawakupunguza maji kwanza, wala hawakujua kuisukuma mizizi kwa kidole gumba hadi ishike tope. Waliichomeka miche juu juu, wakarudi wakilalamika migongo. Asubuhi upepo ulikuwa umeikusanya yote kwenye kona moja, inaelea. Na ilikuwa siku ya gulio.

"Shemeji," jirani mmoja alimwita baba akiwa na beseni kichwani, "mpunga wako unaogelea."

"Mwache," akasema mwenzake. "Mwaka huu kaamua kufuga bata."

Baba alirudi nyumbani. Jioni akaniambia bila kuniangalia, "Mama, chukua jaruba lako. Kwa mwaka huu."

Kwa mwaka huu. Mdogo wangu alikatiwa jaruba la juu, zuri, ambalo hakulitolea jasho hata tone, na hakuna aliyemwambia kwa mwaka huu. Yeye kapewa moja kwa moja. Mimi nimeazimwa kitu nilichokitengeneza mwenyewe kutoka kwenye matete, na wengine wanataka nishukuru. Sikushukuru.

Kesho yake niliingia kwenye tope na miche iliyobaki kitaluni. Mama akaja nyuma yangu, amekunja kanga. Baba alikuwa amesimama kwenye ukingo, jembe begani. Mtu mmoja mgeni wa njia ile akapita akiendesha baiskeli, akasimama, akasifia jinsi maji yalivyotulia. Akauliza jaruba hili la nani.

Baba alikohoa. Niliinua mgongo kabla hajapata jibu.

"La kwangu," nikasema, kwa sauti iliyowafanya hata kaka zangu, kule majaruba ya juu, wageuke.

Baba hakunikanusha. Nikainama, nikaendelea kupandikiza.