Nyumba Tuliyoipamba kwa Nje

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mama mkwe wangu alijitwika mkeka akatoka nyumbani kwake bila kugombana na mtu. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Sisi wa bondeni, upande huu wa Kilosa, tuliambiwa kuna familia inateremka kutoka milima ya Lumuma kuja kukaa nasi, na mama wa familia hiyo ametoka kujifungua. Hawakuwa na pa kufikia. Sisi tulikuwa na nyumba ya zamani ya marehemu shangazi yake mume wangu, imekaa tupu, mchwa wanajilia nguzo kwa raha zao.

Mume wangu Salumu, Mungu amrehemu, alipenda sana kusifiwa, nami nilimpenda hivyohivyo. Aliishughulikia ile nyumba kwa bidii, ila macho yake yalikuwa barabarani wanakopita watu. Ukuta wa mbele tuliukandika vizuri. Mimi na wifi yangu tukachota udongo mweupe mtoni, tukapaka, kisha tukazungushia udongo mwekundu mlangoni na madirishani. Ikapendeza kweli. Viongozi walipita wakaisifu, na Salumu akashinda siku nzima kichwa juu. Paa hakuligusa. Alisema nyasi za kuezekea ziko mbali, na wageni wenyewe ni wa muda tu.

Mama mkwe, Bi Zaituni, alikuja kuitazama. Akaangalia mbele, akazunguka nyuma, akaingia ndani, akainua macho juu. Jioni ndipo akabeba mkeka.

"Mama, unakwenda wapi?" Salumu akamuuliza.

"Kwenye nyumba ya wageni. Nataka kujua unawalaza wapi."

"Lakini mama, mvua hiyo inakuja."

"Naiona, baba."

Mvua ikaja kweli. Asubuhi tulimkuta amejikunyata kwenye kona iliyobaki kavu, khanga imemgandia mwilini, anatetemeka. Salumu akachutama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akakamua pindo la khanga. "Mimi nina miguu, nimehama kona hadi kona. Kile kichanga, baba, kitahamia wapi?"

Hadi leo nikiukumbuka uso wa Salumu namwonea huruma. Hakuwa na roho mbaya hata kidogo. Aliwaza wageni watakavyofika, akasahau kuwa watalala.

Hakungoja hata chai. Alichukua panga akaenda kukata nyasi, na majirani walipomwona wakamfuata. Sisi wanawake tukakandika kuta za ndani na kusawazisha sakafu. Mama mkwe alikaa juani huku anakohoa, anatuonyesha palipobaki nyufa, na uji wake tukampelekea palepale. Nilimkasirikia kidogo, nakiri, kwa kujitesa vile na umri wake.

Wageni walifika mvua inanyesha. Yule mama alimlaza mtoto kitandani, akasimama anasikiliza maji yanavyopiga juu, na ndani hakuna tone. Akapapasa ukuta, akauliza kwa haya, "Mama, humu alikuwa anakaa nani?"

Tukatazamana. Bi Zaituni akamjibu, "Mimi. Karibu, mwanangu."

Yule mama akashusha pumzi, akaketi kando ya mtoto wake na kufungua kilemba. Salumu alitoka nje upesi, na mimi sikumfuata, maana mwanaume akitaka kulia mwache apate nafasi.

Basi, mwanangu, ukikarabati nyumba, iwe ya mpangaji, ya mkwe au ya wazazi wako kijijini, ipambe uwezavyo. Mapambo hayana ubaya, hata mimi nayapenda. Ila kabla hujamkabidhi mtu ufunguo, lala humo kwanza wewe mwenyewe. Usimpe mwenzako mahali ambapo usingekubali kumlaza mtoto wako.

Mungu akujalie nyumba isiyovuja, na akuletee watu wa kulala ndani yake kwa amani.