Mpaka Kilimani kwa Ajili ya Ombi la Mjukuu

Dada yangu Wairimu ana mjukuu wa miaka mitano anayeishi Uhispania, na siku hizo mtoto huyo alikuwa amekataa kabisa kuja kwenye simu. Ujumbe wake wa mwisho wa sauti ulikuwa na maneno mawili tu: "Abuela, cántamela." Abuela ni nyanya, hilo tulilijua. La pili lilitushinda. Mama yake angeweza kututafsiria, lakini Wairimu alikuwa amechoka kuongea na mjukuu kupitia mdomo wa mtu mwingine. Tukafunga safari kwenda kwa mwalimu wa Kihispania huko Kilimani, Nairobi.

Tuliondoka Mutuini asubuhi, ng'ombe wakiwa wameshakamuliwa. Nikamtia moyo: mimi nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, lugha haitatushinda.

"Mwalimu," akasema, "wewe hata Kikamba kilikushinda."

River Road, katikati ya jiji, tulipita kununua spika ndogo, maana simu yake ina sauti hafifu.

"Shosho, hii ukiwasha huko kwenu, hadi mtaa wa Kawangware watacheza," muuzaji akamwambia.

"Wacha wacheze, bora mimi nisikie."

Kilimani tulifika mchana. Mwalimu Zuhura, binti wa Mombasa, alitupa shikamoo na chai ya tangawizi, kisha akausikiliza ule ujumbe.

"Canta ni imba," alisema. "Me ni mimi. La ni ule wimbo. Anasema, niimbie ule wimbo."

Msomaji, usiogope neno kama hilo. Sisi pia husema "niimbie" kwa pumzi moja, ila anayeimbiwa tunamtanguliza, nao wanamweka nyuma ya kitendo. Ukisikia ombi lenye mkia mrefu, lifungue polepole: lifanyike nini, afanyiwe nani, kitu gani.

"Na ulimjibu vipi, mama?" Zuhura akauliza.

"Sí, yaani ndiyo. Kila akisema kitu namwambia sí. Nitaambiaje mtoto sielewi? Ni kama kukataa chai ya mtu."

"Halafu?"

"Halafu natabasamu."

"Basi yeye alikuwa anangoja uimbe."

Wairimu aliweka kikombe chini. Mtoto alipokuja likizo, Wairimu alikuwa akimwimbia wimbo mmoja kila alipomwogesha. Kumbe kwa ile "sí" alikuwa akimwahidi wimbo huo, kisha anamnyima. Hapo hapo aliurekodi wote, akautuma. Kabla hatujaaga, Zuhura alimfundisha sentensi moja ya kutumia akikwama: "Dímelo despacio", yaani, niambie hilo polepole.

Jioni tulikuwa tumerudi Mutuini simu ilipolia. Mjukuu mwenyewe alikuwa kwenye kioo cha simu, akisema jambo kwa kasi. Nikaiona ile "sí" ikija mdomoni mwa dada. Akaimeza.

"Dímelo despacio."

Mtoto akacheka. Akamvuta dada yake mdogo karibu, akarudia: "Cánta-nos-la."

"Me imetoka," Wairimu akaninong'onezea. "Kuna nos." Akazitazama zile nyuso mbili. "Ni wao wote. Wanataka niwaimbie wote wawili."

Nilichojifunza katika safari hiyo ni kwamba mtoto ukimwomba arudie, hachukii. Anajua kuwa unamsikiliza. Nilitaka kumwambia dada hivyo, lakini alishanigeuzia mgongo na kuanza kuimba.