Pembe ya Mawe ya Cubaka

Mume wangu Cubaka alijenga kuta za mawe ya volkano katika mtaa wetu wote wa Ndosho. Sisi wengi hukaa katika nyumba za mbao, lakini yeye alisema mbao ni sanduku la maiti. Nyuma ya nyumba yetu alijenga kuta mbili zilizokutana zikafanya pembe, ndefu kuliko mtu, ili siku mabomu yakija tukimbilie hapo. Majirani walimsifu. Mimi amenioa miaka ishirini na mbili na hajanijengea hata jiko.

Mabomu yalikuja mwezi wa kwanza. Asubuhi ile nilikuwa nimempa wifi yangu Charline, dada yake Cubaka, kikombe cha uji wa mtama. Hatukupatana, kila jirani alijua, lakini tulikula chungu kimoja. Vishindo vilipokaribia, Cubaka alimsukuma Charline ndani kabisa ya pembe, mgongo ukagusa mawe. Akarudi kunichukua, sisi wawili tukachelewa, tukalala kifudifudi uwanjani.

Bomu lilianguka ndani ya lundo la mchanga wa kujengea. Mchanga ulimeza vyuma, hakuna aliyekatwa. Upepo tu ndio uliotupitia. Tuliinuka masikio yakilia. Charline alikuwa ameketi palepale, macho wazi, amekufa, bila mkwaruzo.

Msibani, baba yao mdogo, Muzee Ézéchiel, aliukagua mwili wote.

"Mutu anakufa bila kidonda. Kama haiko karuho, ni nini?"

Karuho ni sumu. Watu wakakumbuka uji wangu. Familia ikapanga kikao cha kuamua kama nibaki au niondoke.

Siku moja kabla ya kikao alikuja Édouard, mtegua mabomu, kukagua kiwanja. Alitazama shimo mchangani, akatazama pembe, akauliza marehemu alikuwa wapi. Kisha akatuita kwenye birika letu la saruji, lenye pembe nne, akapiga maji kwa kiganja. Katikati wimbi lilikuwa dogo. Lilipofika pembeni lilipanda likamwagika nje.

"Papa Cubaka, upepo wa bomu ni vile vile. Ikigonga ukuta inarudi, na ile yenye kurudi inakutana na ile yenye kuja. Kwa pembe, kuta mbili zinairudisha kwa mutu mumoja. Mapafu inapasuka ndani, ngozi inabakia nzima."

Sisi tuliokuwa mahali pa wazi, alisema, upepo ulitupita mara moja ukaenda zake. Cubaka aliyatazama maji mpaka yakatulia. Hakuuliza kitu, na yeye si mtu wa kukubali asichokielewa.

Kikaoni nilimsihi aseme tuliyoyasikia, maana mimi nisingeaminiwa. Ézéchiel alimpa nafasi. Cubaka alisimama, akaangalia viatu vyake.

"Ukuta yangu haiwezi kuua mutu," alisema, akakaa.

Niliondoka siku hiyohiyo. Nalala kwa dada yangu Angèle, mtaa wa Keshero. Nilimtafuta Édouard anisemee, nikaambiwa amehamishiwa mbali. Na Cubaka amepata kazi kuliko zamani, maana habari iliyoenea ni kwamba bomu lilianguka kwake na halikumuumiza mtu, na kwamba Charline aliuawa na uji wangu. Kila mwenye uwezo anataka pembe yake.

Wiki iliyopita niliona moja karibu na kwa Angèle, saruji bado mbichi. Mwenye nyumba alikuwa akipika maharage uwanjani. Nilimwambia asije akawaficha watoto wake pale, bora wajilaze mahali pa wazi. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia ni mke wa Cubaka wa Ndosho.

Alifunika sufuria yake, akasimama kati yangu nayo mpaka nikaondoka.