Udongo Mbichi Mlangoni Pangu

Tangu nirudi vitani naishi peke yangu hapa Kibra, na watu hawaji kwangu. Sisemi ni wabaya. Mimi pia siendi kwao. Juzi niliona mstari wa udongo mbichi, mwembamba kama kidole, umepakwa kwenye nguzo ya mlango. Nikaubandua. Asubuhi ukawa umerudi. Nikajiambia ni jirani yangu Bi Zamzam, ananitengenezea nyumba kimyakimya kwa huruma. Sikumwona, lazima niseme ukweli, lakini nilioga, nikavaa kanzu, nikampelekea sukari mbele ya wanawake wenzake.

“Ahsante kwa mkono wako, dada.”

“Mkono gani, Ramadhani?”

Nikawaleta wote waone. Bi Zamzam akauchokonoa udongo kwa kijiti. Mchwa weupe wakamwagika. Akaigonga nguzo, ikalia kama debe tupu.

“Ondoa kuni ulizoegemeza hapa. Nguzo ng’oa, na mpya uipake oili chafu kabla ya kuisimamisha.”

“Na sukari je,” mwingine akauliza, “tule sisi au mchwa?”

Wakacheka sana, na walikuwa na haki. Mlango wangu haujawahi kuwa na watu wengi vile.