Ukurasa wa Sitini na Tatu

Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, siku ya Jumanne, mtu alibisha mlango wangu hapa mtaani Mangobo. Saa naijua kwa sababu huandika saa ya kila anayekuja kuazima kitabu. Niamini, mimi si mtu wa kuona mizimu.

Nina vitabu kumi na kimoja vya historia ya Kinshasa. Baba alishuka mto kwa boti kwenda kufanya kazi huko nikiwa tumboni. Hakurudi, na mama hakubaki na picha yake. Navisoma nikimtafuta. Anayetaka kuazima, sharti ni moja: aniachie carte, kadi yake ya kupigia kura.

Mgeni alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye kovu juu ya jicho.

"Mutoto, leta ile kitabu ulinunua juzi. Ukurasa ya sitini na tatu."

Mtoto? Mimi mwenye mvi?

"Wee petit, kijana mudogo, mimi ni mutoto wa nani?" nikamuuliza.

"Wa rafiki yangu," akacheka. "Iko mule ndani ya kitabu. Fungua, nikuonyeshe yeye."

Nikajua ni tapeli, labda ametumwa na aliyeniuzia ili akirudishe kwake. Kitabu kile ni cha zamani, cha aina ile ambayo kurasa zimeshikana kingoni mpaka uzikate kwa kisu. Mimi nilikuwa nimekata hadi ukurasa wa arobaini tu. Nani angejua kilichomo mbele? Hilo sikujiuliza.

"Carte kwanza."

"Carte ya nini? Papa yako alinijua bila carte."

"Basi hakuna kitabu."

"Bon," akasema, akatoka.

Mama mmoja anayeuza makaa mlangoni pangu akaniuliza, "Papa, unagombana na nani peke yako?"

Nilichukua kisu, nikakata. Ukurasa wa sitini na tatu una picha: wanaume saba wakitengeneza barabara ya Kinshasa, mwaka uleule aliosafiri baba. Wa tatu ana kovu juu ya jicho. Uso uleule, umri uleule. Majina hayakuandikwa.

Wamebaki sita. Baba ni yupi? Nimewachunguza kwa kioo cha kukuzia usiku baada ya usiku, na kila mmoja nimemwona ana masikio yangu. Siku hizi sidai carte kwa yeyote. Yule hajarudi.

Wewe mwenye vitabu, akija mtu asiye na karatasi, msikilize mpaka amalize. Mimi siku ile niliokoa kitabu kimoja tu, bei yake faranga elfu kumi na mbili.